Malengo ya Dunia, Bajeti ya Wadi

Langas ni mtaa mkubwa ulio kusini mwa Eldoret, na ploti zake nyingi zimejengwa kwa mpango mmoja: vyumba vya kupangisha vimezunguka ua, choo cha shimo kiko pembeni, na kisima kimechimbwa palipobaki nafasi. Mara nyingi palipobaki nafasi ni karibu na choo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu maji ya mtaa huo ulipima visima hivyo vifupi na kukuta bakteria wanaoashiria uchafu, huku vyoo vingi vikiwa jirani mno na maji ambayo watu wanatumia nyumbani. Mama anayeteka maji pale alfajiri hahitaji semina ya kumweleza kwamba maji safi ni haki. Anaijua kwa tumbo la mtoto wake. Asilolijua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, ni ofisi gani inayoamua bomba la majitaka lipite kwake mwaka gani, uamuzi huo hufanywa mwezi upi, na yeye angeweza kusema nini kabla haujafanywa.

Jambo hilohilo, likipelekwa New York, linaitwa Lengo la 6. Tarehe 25 Septemba 2015 nchi 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, 17 kwa idadi, yenye shabaha 169 za kufikiwa ifikapo 2030. Kenya haikuwa mgeni mwalikwa katika shughuli hiyo. Balozi wake, Macharia Kamau, ndiye aliyeongoza kikundi kazi kilichoyaandaa malengo hayo, akiwa mwenyekiti mwenza na Csaba Kőrösi wa Hungary. Tangu hapo Kenya imewasilisha ripoti zake za hiari mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, 2020 na 2024. Kwa hiyo nchi imeyaandika, imeyakubali na imeyatolea hesabu. Kazi iliyobaki ni ya kuyapitisha katika wadi.

Wengi wanaojaribu kazi hiyo huanza na hamasisho. Huchapishwa fulana zenye lile duara la rangi 17, hukodishwa ukumbi wa hoteli mjini, machifu na wazee wa mitaa hualikwa, mwanasiasa hufungua kikao kisha huondoka, na jioni kila mtu hurudi kwake na kalamu na kijitabu. Sisemi kwamba hayo ni ufisadi au mchezo. Wanaoyafanya wengi wana nia njema. Ila hamasisho la namna hiyo humfundisha mwananchi jina la lengo bila kumwonyesha mlango wa kuingilia. Nami nashikilia kwamba lengo la dunia huanza kuwa na mwenyewe siku linapokuwa mstari katika bajeti, wenye kiasi cha pesa, jina la wadi na mwaka wa kutekelezwa. Hapo ndipo mwananchi hupata la kuuliza na mwanasiasa hupata la kujibu.

Kenya ina bahati, kwa maana njia ya kufika kwenye mstari huo imeandikwa katika sheria. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inataja maendeleo endelevu na ushirikishwaji wa wananchi katika kifungu kimoja, cha 10, kama maadili yanayomfunga kila mwenye mamlaka. Kifungu cha 43 kinaweka maji safi, chakula, makazi na afya kuwa haki. Kisha Jedwali la Nne linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Ukilisoma taratibu utaona kwamba zahanati na hospitali za kaunti, huduma za kilimo, maji na usafi, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, takataka na barabara za kaunti zote ziko upande wa kaunti. Maana yake, sehemu kubwa ya yale malengo 17 haiamuliwi Nairobi wala New York. Inaamuliwa na serikali ya kaunti ya Uasin Gishu, ilimo Eldoret, na bunge lake, lenye wawakilishi waliochaguliwa kutoka wadi 30 zilizo katika maeneobunge sita: Ainabkoi, Kapseret, Kesses, Moiben, Soy na Turbo.

Hapa panataka subira kidogo, maana kalenda ya bajeti ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Kila baada ya uchaguzi kaunti hutunga Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa unaanzia 2023 na kuishia 2027. Mwongozo wa serikali kuu unataka mpango huo uonyeshe unavyohusiana na Malengo ya Maendeleo Endelevu, na ndivyo inavyofanyika. Mradi usiokuwemo katika mpango huo ni vigumu kuupatia pesa baadaye. Kutokana na mpango wa miaka mitano hutolewa mpango wa mwaka, ambao sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Ifikapo Februari 28 hupelekwa waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha kila idara: afya hizi, maji hizi, barabara hizi. Kufikia Aprili 30 makadirio kamili huwa mezani, na kufikia Juni 30 bajeti inapaswa kuwa imepitishwa, mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1.

Sasa tazama ni wakati gani mwananchi wa kawaida husikia tangazo la kuja kutoa maoni. Kikao kinachovuta watu wengi ni cha Aprili au Mei, wakati makadirio yameshachapishwa. Watu huja, hukaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, huandika majina na nambari za simu kwenye karatasi ya mahudhurio, kisha afisa huwasomea kwa kasi kurasa za kitabu kinene. Mzee mmoja husimama: “Mheshimiwa, sisi huku tuliomba maji tangu mwaka juzi.” Mheshimiwa huitikia kwa kichwa, afisa huandika. Lakini kikomo cha idara ya maji kiliwekwa Februari, na mradi wenyewe ulipaswa kuingia katika mpango wa mwaka Septemba iliyopita. Mzee amesema kweli, kwa heshima, mahali pasipo na nafasi tena ya kusikilizwa. Mwaka ukifuata husema tena, na mwaka wa tatu hukaa nyumbani. Watu wanaposema kwamba wananchi hawajali vikao, nadhani wanasahau miaka hiyo miwili ya kwanza.

Mahakama zimelitambua hili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo kaunti zote zinajua kwamba kikao cha jina tu kinaweza kuangusha sheria nzima. Tatizo ni kwamba hofu ya mahakama imezaa bidii ya kukusanya sahihi za mahudhurio kuliko bidii ya kukusanya hoja. Orodha ya waliohudhuria huhifadhiwa vizuri sana. Jibu la walichouliza halipatikani kwa urahisi hivyo.

Tugeukie wanasiasa, na tuwatazame kwa haki. Mwakilishi wadi ana miaka mitano. Katika miaka hiyo simu yake haipumziki: huyu ameondokewa na mzazi, yule mtoto kafukuzwa shule kwa karo, kanisa linachanga la paa, vijana wa bodaboda wanataka kivuli cha kuegesha pikipiki. Wananchi wenyewe ndio wanaompima kwa hayo. Anayetoa basari hurudi bungeni kwa urahisi kuliko aliyekaa kamatini akichambua waraka wa mkakati wa fedha, ilhali shule za msingi na za upili ni jukumu la serikali kuu, na mwaka 2025 suala hilohilo la basari lilizua mvutano kati ya Mdhibiti wa Bajeti na kaunti. Kazi ambayo sheria imempa mwakilishi wadi ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Kazi anayoombwa kila asubuhi ni nyingine kabisa.

Ongeza kwamba kila kiongozi huja na bendera yake. Serikali ya Uhuru Kenyatta ilikuwa na Ajenda Nne Kuu. Ya William Ruto inahubiri uchumi wa kuinua watu kutoka chini. Gavana Jackson Mandago, aliyeongoza Uasin Gishu kuanzia 2013 hadi 2022, aliwahimiza vijana waingie shambani kwa mpango wa Kijana na Acre. Mrithi wake, Jonathan Bii, ambaye watu wa Eldoret wanamwita Chelilim, alikuja na Nguzo Kumi. Mtaalamu anayemwendea gavana na malengo 17 kama dini mpya atapokewa kwa chai na kusindikizwa mlangoni. Anayemwonyesha kwamba nguzo yake ya maji, au ya afya, ndiyo Lengo la 6 au la 3, na kwamba takwimu za wadi fulani zikipanda ataweza kuzitaja jukwaani kama kazi yake, huyo atasikilizwa. Sioni aibu katika hilo. Siasa huenda kwa sifa na kura, na anayetaka bomba lifike Langas afadhali ajue hivyo mapema kuliko kulalamika kwamba wanasiasa hawana maono.

Shida ngumu zaidi ni ya vitu visivyoonekana. Bomba la majitaka hufukiwa ardhini. Huchukua miaka kulijenga, huchimbua barabara na kuwaudhi wenye maduka, na likikamilika halina ukuta wa kubandikwa kibao cha uzinduzi. Murram humwagwa kwa wiki mbili na kila mtu anaiona. Ndiyo maana chini ya Lengo la 6 bomba la maji hufika mapema kuliko usafi, ingawa maji yakiingia bila njia ya majitaka kutoka, uchafu huongezeka. Dawa mojawapo ni kuugawa mradi mrefu katika hatua zinazoweza kuonekana na kutajwa: mwaka huu uchunguzi wa ardhi na ramani hadharani, mwaka ujao bomba kuu la barabara fulani, unaofuata kuunganisha ploti mia za kwanza. Kila hatua iwe na tarehe na sherehe yake. Mwanasiasa apate siku yake ya kukata utepe, na mwananchi apate mahali pa kusimama na kuuliza hatua ya pili iko wapi.

Linganisha na mahindi. Uasin Gishu ni ghala la nchi, na mkulima wa Moiben au Ziwa hahitaji kutafsiriwa Lengo la 2. Bei ya mbolea ilipopanda, kelele za Bonde la Ufa kaskazini zilifika Ikulu, na mwaka 2023 gunia la kilo 50 la mbolea ya ruzuku lilishushwa hadi shilingi 2,500. Mwaka 2024 ilipobainika kwamba wakulima walikuwa wameuziwa mbolea bandia, Bunge la Kitaifa lilijadili hoja ya kumng'oa waziri wa kilimo. Kamati ilimwondolea lawama mwezi Mei, lakini suala lilikuwa limeshapanda hadi kileleni kwa wiki chache tu. Kwa nini mbolea ilitikisa Bunge na visima vya Langas havijawahi kulitikisa? Wakulima wana umoja wao, wanajulikana kwa majina, kila mbunge wa eneo anajua kura zao zilipo, na hasara yao ina bei ya gunia. Mpangaji wa Langas hana hata kimoja katika hivyo. Anahama chumba akipata kibarua kwingine, pengine amejiandikisha kupiga kura kijijini kwao, na hasara yake imetawanyika katika dawa za kuhara zinazonunuliwa moja moja. Basi anayetaka kuwashirikisha watu katika malengo haya ajiulize kwanza ni nani tayari ana sauti na nani hana, kabla ya kutangaza kwamba jamii imeshirikishwa.

Kuna kaunti ambazo zimelifanyia kazi swali hili, na mbili zinafaa kutazamwa kwa karibu. Makueni ina wadi 30 na maeneobunge sita, sawasawa na Uasin Gishu, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba ukubwa ndio tofauti. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, Makueni ilianza vikao chini kabisa, kijijini, kisha vijiji vikaungana katika vikundi, kisha wadi ndogo, kisha wadi, mpaka mkutano wa kaunti nzima. Kila ngazi huchagua wawakilishi wa kupeleka vipaumbele ngazi ya juu. Kilichonivutia zaidi ni kinachotokea baada ya bajeti kupita: kila mradi una kamati ya wananchi wa pale pale, na mwanakandarasi hulipwa baada ya kamati hiyo kukubali kwamba kazi imefanyika. Mkulima anayejua kisima kilivyochimbwa ndiye anayetia sahihi. Ushirikishwaji hapo umepewa kufuli na ufunguo.

Wanasiasa hawakuupokea utaratibu huo kwa vigelegele. Miaka ya mwanzo ilijaa ugomvi kati ya gavana na wawakilishi wadi wake kuhusu nani anayeshika pesa, mpaka wakazi wakawasilisha ombi kwamba serikali nzima ya kaunti ivunjwe. Tume iliyoundwa ilipendekeza ivunjwe. Rais Kenyatta akakataa mwaka 2015. Watu husimulia Makueni kana kwamba ilikuwa safari ya amani, nami naona ni vizuri ugomvi ule ukumbukwe. Ukimpa mwananchi uwezo wa kuidhinisha malipo, kuna mtu unamwondolea uwezo huo, na hawezi kufurahi.

Kielelezo cha pili kiko jirani, mwendo mfupi tu kwa matatu kwenda Iten. Elgeyo Marakwet ilipitisha mwaka 2015 sheria ya maendeleo yenye usawa, ambayo inagawa asilimia 60 ya fedha za maendeleo sawa kwa sawa kwa wadi zote 20, na asilimia 40 kwa vigezo vinavyozingatia tofauti za mahitaji. Mwaka uliofuata kaunti hiyo ilikuwa miongoni mwa serikali za mashinani 15 duniani zilizochaguliwa kuanzisha jaribio la ushirika wa serikali wazi. Faida ya sheria kama hiyo ni kwamba wadi inajua mgao wake kabla ya kikao, hivyo wananchi hubishana juu ya kiasi kinachojulikana badala ya kuomba kila kitu. Gavana naye hawezi kuinyima wadi iliyompigia kura mpinzani wake.

Lakini sheria hiyo haitoshi kwa mji. Ukizigawa fedha vipande sawa kwa wadi, kila wadi hupata zahanati ndogo, kilomita chache za murram na madarasa mawili ya chekechea, na hakuna hata moja inayopata za kutosha kujenga mtambo wa kusafisha majitaka. Mto Sosiani unaanzia upande wa msitu wa Kaptagat, unapita katikati ya Eldoret, na kuelekea bonde la Nzoia hadi Ziwa Viktoria. Ukichafuliwa katika wadi moja, wadi ya chini ndiyo inayonusa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Eldoret nayo inatoka bwawa la Chebara, ambalo liko Elgeyo Marakwet, na viongozi wa kaunti hiyo wamedai mara kwa mara kwamba watu wao wanufaike na maji yanayotoka kwao. Dai hilo lina uzito. Anayetunza mlima ana haki ya kuuliza bei ya maji. Kwa hiyo panahitajika vyungu viwili: cha wadi, ambacho wananchi wanakipanga wenyewe, na cha miradi mikubwa inayovuka wadi na hata kaunti, ambacho kinapaswa kujadiliwa hadharani kwa namna ileile. Muungano wa kiuchumi wa kaunti za Bonde la Ufa kaskazini upo kwa kazi za aina hii, na mkataba wa maji kati ya Eldoret na wenyeji wa chemichemi ungekuwa kipimo chake kizuri kuliko kongamano lolote.

Kaptagat yenyewe inaonyesha jamii inavyoshikamana na lengo la mbali ikiwa ina sehemu yake. Sheria ya misitu inaruhusu vyama vya jamii vinavyosimamia misitu pamoja na Shirika la Huduma za Misitu. Mkulima hupewa kipande, hupanda viazi au maharagwe kati ya miche, huipalilia miche akipalilia chakula chake, kisha huondoka miti ikishafunika. Akipata mavuno, miche nayo hupona. Bingwa wa mbio ndefu Eliud Kipchoge, ambaye hufanyia mazoezi pale pale, aliingiza wakfu wake katika kutunza sehemu ya msitu huo. Jina kubwa kama lake huleta kamera, jambo zuri, lakini mti hukua kwa jembe la yule anayerudi Jumatatu.

Eldoret ilitunukiwa hati ya jiji Agosti 15, 2024, jiji la tano nchini. Sheria ya miji ya 2011 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019 iliteremsha kiwango cha wakazi kwa jiji hadi 250,000, na sensa ya mwaka huo ilikuwa imehesabu wakazi 475,716 hapa. Jiji lina bodi yake, na sheria inawapa wakazi haki ya kukutana katika baraza lao kujadili huduma na bajeti ya jiji. Hii ni nafasi, na ningependa isijazwe na watu walewale. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi huwakusanya wenye ploti, wastaafu na wafuasi wa mheshimiwa. Muuza mboga, mfua nguo na fundi wa kibarua hawawezi kuacha riziki ya siku hiyo. Kikao cha Jumapili alasiri katika uwanja wa shule ya msingi, chenye orodha inayohesabu wapangaji kando na wenye nyumba, kingetupa picha nyingine ya Langas, Huruma au Munyaka.

Tena Eldoret ina kumbukumbu isiyoweza kupuuzwa. Katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji huu na viunga vyake viliumia vibaya. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Kwa hiyo swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halijawahi kuwa swali jepesi hapa. Kamati ya wadi ikijazwa na watu wa jamii moja, hata bomba la maji litahesabiwa kuwa la kabila. Lengo la 16, la amani na taasisi za haki, huanzia kwenye orodha ya wajumbe wa kamati ya mradi, na wanaosimamia orodha hizo wanapaswa kuzishughulikia kwa uangalifu uleule wanaoutumia kukagua hesabu.

Katika afya mji huu una shule yake. Mpango wa AMPATH ulianza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu wodini. Madaktari waliona upesi kwamba dawa bila chakula haisaidii, wakaanzisha mashamba ya kuwalisha wagonjwa. Baadaye wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba kupima na kushauri, na vikundi vya akina mama wajawazito vikaanza kukutana kuweka akiba na kujifunza afya ya uzazi. Jamii ilishiriki kwa kuwa kila mara aliyehudhuria aliondoka na kitu: jibu la vipimo, mkopo mdogo, jirani wa kumpeleka hospitalini usiku. Ila sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mpango kama huu uliguswa moja kwa moja, na ikadhihirika ni huduma zipi zilikuwa na mstari katika bajeti ya nchi na zipi zilitegemea uamuzi wa Washington.

Ndiyo sababu wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilizindua kikosi chao cha watu 100,000 nchini kote mwaka 2023, wana maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Posho yao ya mwezi ni shilingi 5,000, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kidogo. Lakini ni mstari, na mstari unaweza kuulizwa: umelipwa mwezi huu au haujalipwa? Mwakilishi wadi anaweza kusimama bungeni na kulijibu swali hilo kwa ndiyo au hapana.

Imani nayo ni mtaji, na Eldoret imepoteza sehemu yake. Mwaka 2023 wazazi waliandamana katika mji huu wakidai mamilioni waliyolipa chini ya mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada, safari ambazo kwa wengi hazikutokea. Mambo yakaishia mahakamani. Mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo ile hatakuja kwa moyo mkunjufu kwenye kikao cha maendeleo endelevu kilichoitishwa na ofisi ya serikali, hata kama walioitisha hawahusiki kabisa. Kwake, mwanzo mwema ni hesabu ya mwaka uliopita kabla ya ahadi ya mwaka ujao: miradi hii iliahidiwa, hii imekamilika, hii imekwama, na sababu ni hii.

Wakati huohuo kuna nguvu mpya. Juni 2024 vijana waliojaa barabara za Eldoret, nyumbani kwa rais mwenyewe, kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa wameusoma. Nchi nzima uligawanywa vifungu, ukaelezwa kwa video fupi na kwa lugha za makabila mbalimbali, na watu ambao hawakuwahi kushika waraka wa serikali wakawa wanataja nambari za vifungu. Nyaraka za kaunti ziko karibu zaidi na maisha yao. Sheria ya 2016 ya kupata habari inampa afisa siku 21 za kujibu ombi la maandishi, na kaunti inatakiwa kutoa ripoti ya matumizi kila robo ya mwaka. Kikundi cha vijana kumi katika wadi moja kinaweza kuomba mpango wa mwaka mwezi wa Julai, kuandika mapendekezo matatu yenye ramani na makadirio ya gharama, kuyapeleka ofisini kabla ya Septemba 1 na kubakiza nakala iliyopigwa muhuri. Februari kikatazame kama idara husika imepewa kikomo cha kutosha. Mei, mheshimiwa akisimama chini ya hema, watakuwa na nakala ile mkononi, na afisa aliyeipiga muhuri atakuwa ameketi pale pale.